Kutoa ni moyo, ila pa kutoa pachaguliwe na akili: hatua kwa hatua

Wote tumekua tukisikia kutoa ni moyo usambe ni utajiri, na ni kweli kabisa, wala sitaki kubishana na wahenga. Ila kuna jambo limenikaa muda mrefu naona bora niliandike: huo moyo unaotusukuma kutoa ni hodari wa kuanza safari, lakini ukifika njia panda unapotea, tena unapotea kwa namna ileile kila mara, na watafiti wa saikolojia wameshalipima hilo kwa zaidi ya miaka 30. Unaona video ya mtoto anaumwa, machozi yanakulengalenga, unatuma hela, usiku unalala vizuri, halafu miezi sita inapita hujatoa tena mpaka video nyingine ikukute. Mimi nilikuwa hivyohivyo kwa miaka kadhaa. Siku nilipokaa kujumlisha nikakuta nilichotoa sio kidogo, lakini ungeniuliza hela ile ilimfanyia nani nini, nisingekuwa na jibu, na hiyo iliniuma sana.

Sisemi uwe mtu wa mahesabu matupu asiye na huruma, hapana. Nasema hivi: uamuzi wa utoe kiasi gani na upeleke wapi, ufanye siku umetulia, siku ambayo hakuna anayelia mbele yako wala anayekusubiri umjibu. Hatua zote hapa chini zinarudi hapohapo. Zingine ndefu zingine fupi, maana vikwazo vyenyewe havilingani uzito.

Hatua ya 1: Andika ulichotoa mwaka mzima uliopita

Chukua daftari au simu, pitia meseji za benki na za kutuma hela, andika kila mchango: kiasi, nani aliomba, na uliambiwa hela inaenda kufanya nini. Usijilaumu, andika tu. Ile michango ya ndugu na marafiki wa karibu itoe pembeni kabisa, huo ni wajibu na mapenzi, haya mahesabu ninayoyasema hayaihusu. Tunaongelea hela unayowapa watu usiowajua.

Ukimaliza soma safu ya "nani aliomba". Wengi wetu tutakuta karibu yote ilimwendea aliyeomba, sio aliyehitaji zaidi. Aliyeomba mbele za watu ukaona aibu kukataa, aliyeweka picha iliyokuliza, rafiki aliyekutaja kwenye grupu. Anayehitaji sana mara nyingi hana hata namba yako.

Hatua ya 2: Kubali kwamba moyo haujui kuhesabu

Hapa tukae kidogo kwa sababu ndo mzizi wa mambo yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna watafiti Marekani, William Desvousges na wenzake, waliuliza watu wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili ndege wanaohama wasife kwenye madimbwi ya mafuta. Kundi moja likaambiwa ndege 2,000, lingine 20,000, lingine 200,000. Majibu kwa wastani yalikuwa dola 80, dola 78 na dola 88. Yaani ndege wameongezeka mara 100 na huruma imebaki palepale! Kwa nini? Kwa sababu kichwani haujichori msafara wa ndege laki mbili, unajichora ndege mmoja kalowa mafuta kashindwa kuruka, na yule mmoja ndo unamlipia.

Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic wakatoa utafiti mwingine ambao mimi ulinishtua zaidi. Washiriki walikuwa wamelipwa dola 5, wakaombwa wachangie watu wenye njaa. Walioonyeshwa binti mmoja wa Mali wa miaka 7 anaitwa Rokia walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa walitoa 1.14. Sawa, hilo tungelitegemea. Lakini kuna kundi la tatu lilipewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, hawa si ndo wangetoa zaidi? Walitoa 1.43. Takwimu zilipoingia zilimfukuza Rokia.

Na bado kuna utafiti wa 1997 ambapo watu walipewa miradi ya kuokoa maisha ya watu 4,500 kwenye kambi ya wakimbizi. Idadi ni ileile 4,500, ila kambi moja ina watu 11,000 na nyingine ina 250,000. Watu walivutiwa zaidi na ile kambi ndogo, kwa sababu kule 4,500 inaonekana ni sehemu kubwa, huku kwenye kambi kubwa inaonekana kama hujafanya kitu. Sasa fikiria wewe ndo mama wa mmoja kati ya wale 4,500 wa kambi kubwa, mtoto wako amepona, kuna mtu atakwambia hakuna kilichofanyika?

Huruma pia inaweza kudhulumu, na hili watu hawapendi kulisikia. Daniel Batson na wenzake mwaka 1995 waliwaambia washiriki habari za mtoto mgonjwa aliye kwenye foleni ya matibabu, Sheri, wakawaambia wazi kwamba walio mbele yake wana shida kubwa zaidi au wamesubiri muda mrefu zaidi. Walioambiwa wajiweke kwenye nafasi ya Sheri, karibu robo tatu waliamua arukishwe foleni. Walioambiwa wabaki kuangalia bila kuegemea upande, ni kama thuluthi moja tu. Wale watoto wa mbele hawakuwa na jina wala stori, basi wakarukwa.

Sasa cha kufanya ni nini? Mawili.

La kwanza, kila ukiona picha inayokuvuta jiulize kwa sauti kabisa: hela hii ikienda penye kazi nzuri zaidi, itawafikia wangapi kama huyu? Usiziache namba zibaki namba. Ukisoma "watoto 40" usipite, wahesabu mmojammoja, mpe wa kwanza sura, wa pili sura, ukifika wa saba au wa nane utaanza kuelewa 40 ni nini. Mimi nafanya hivi kweli, inachukua dakika moja.

La pili, ombi likitoka kwa mtu au shirika usilolijua, subiri siku 2. Baada ya siku mbili kama bado unaona inafaa, toa. Utashangaa ni mangapi yanakuwa yameyeyuka, na mangapi yanabaki pale pale yakiwa na nguvu ileile.

Kuna atakayesema mbona majanga hayasubiri, tetemeko likipiga watu wanahitaji leo. Ni kweli, lakini kumbuka tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004. Watu kama 230,000 walikufa, dunia nzima ikatoa, ikatoa mpaka Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) ndani ya siku chache wakatangaza hela walizopokea kwa ajili ya tsunami zinawatosha, wakawaomba watu wachangie kazi zao sehemu zingine. Malaria peke yake inaua watu kama 600,000 kwa mwaka, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5 barani Afrika, na kwa sababu inaua kila siku kidogokidogo hakuna kamera inayokwenda kusimama pale. Kwa hiyo janga likitokea na wewe umeguswa, changia, ila usikubali lile janga likale fungu lote la mwaka.

Hatua ya 3: Jua kwamba tofauti kati ya shirika na shirika ni kubwa kuliko unavyodhani

Ukiwauliza watu wa kawaida, kati ya mashirika yanayosaidia maskini duniani, lile bora kabisa linazidi la wastani mara ngapi kwa hela ileile, watajibu kama mara moja na nusu. Lucius Caviola na wenzake waliuliza hivyo katika utafiti uliotoka 2020, halafu wakawauliza wataalamu wa mambo hayo swali lilelile. Wataalamu wakasema kama mara 100.

Ni kwa sababu tumezoea soko. Sokoni kitu kikiwa kibovu mnunuzi anakirudisha au harudi tena, kwa hiyo bei na ubora vinakaribiana. Kwenye msaada anayelipa ni wewe na anayepokea ni mwingine, mpokeaji hana pa kulalamikia na wewe mlipaji hujui kilichotokea. Hakuna kinachosukuma wabovu watoke.

Mfano mmoja wa upofu. Kumfundisha mbwa mmoja wa kumwongoza kipofu kwenye nchi tajiri kunagharimu makumi ya maelfu ya dola. Upasuaji mdogo wa kope kwa mgonjwa wa trakoma, ule ugonjwa ambao kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho mpaka linapofuka, gharama yake ni makumi ya dola. Hata ukikadiria kwamba upasuaji haufanikiwi kila mara, bado hesabu hailingani hata kidogo. Na sio kwamba yule wa kupewa mbwa hastahili, anastahili sana, ila na hawa wengine wanastahili na hakuna anayewaona.

Habari njema ni kwamba hauhitaji kufanya utafiti mwenyewe. Kuna taasisi kazi yake ni kuchunguza mashirika na kuweka hesabu wazi kila mtu azione, inayojulikana zaidi ni GiveWell ya Marekani iliyoanza 2007. Wanayoyapendekeza wala hayana mvuto wa picha: vyandarua vyenye dawa, dawa za kukinga malaria kwa watoto msimu wa mvua, vitamini A, kuwahamasisha wazazi wapeleke watoto chanjo. Makadirio yao ya miaka ya karibuni yanasema kuokoa uhai wa mtu mmoja kwa njia hizi ni kati ya dola 3,000 na 5,500 hivi. Hapo wengi wanakata tamaa, mbona nilisikia chandarua ni dola chache tu? Chandarua ni dola chache kweli, lakini sio kila mtoto anayelala ndani yake angekufa bila hicho chandarua, ndo maana hesabu ya kweli inakuwa kubwa. Mimi namwamini zaidi anayenipa namba ngumu yenye maelezo kuliko anayeniambia dola moja inaokoa maisha.

Hatua ya 4: Acha kuanza na swali la "ofisini inabaki asilimia ngapi"

Hili ndo swali la kwanza tunalouliza wote, na tunajiona wajanja tukiuliza. Uri Gneezy na wenzake walijaribu hili kwa watu 40,000, matokeo yakatoka 2014. Shirika lilikuwa limepata ufadhili wa dola 20,000, makundi yakaelezwa matumizi tofauti ya ule ufadhili. Walioambiwa umeshalipia gharama zote za uendeshaji, kwa hiyo hela yako yote inaenda kwenye mradi, walichanga zaidi ya dola 23,000. Walioambiwa ufadhili huo ni mtaji wa kuanzia, au kwamba utaongezea kila dola unayotoa, walichanga kama 13,000 na 12,000. Hela ni zilezile! Tunachokichukia ni kule kuhisi kwamba sisi ndo tumelipa mshahara wa mtu.

Lakini fikiria. Shirika lenye mhasibu mzuri, mtu wa kufuatilia kama vyandarua vimetundikwa kweli, mtu wa kupima matokeo, litakuwa na gharama kubwa za ofisi. Lingine halimpimi mtu wala halifuatilii chochote, asilimia 95 inaenda "kwenye mradi", na mradi wenyewe haufanyi kazi.

Kama ule wa PlayPump, bembea za kuzunguka zinazosukuma maji. Wazo lilikuwa zuri mno: watoto wanacheza wanazungusha bembea, bembea inavuta maji kutoka kisimani. Mwaka 2006 zikatangazwa dola milioni 16.4 kuzisambaza Afrika kusini mwa Sahara, mke wa rais wa Marekani wakati huo, Laura Bush, alikuwepo kwenye tangazo. Picha zilipendeza sana. Kilichotokea ni kwamba watoto wanachoka, hawachezi saa zote ambazo watu wanahitaji maji, kwa hiyo kina mama ndo wakawa wanazungusha ile bembea kwa mikono, kazi ngumu kuliko pampu ya kawaida. Mwaka 2010 Case Foundation, mmoja wa wafadhili wakubwa, wakaandika hadharani kwamba mpango haukufikia malengo, na kwa hilo nawaheshimu. Ila jiulize, kuna mtu kabla ya hapo aliwauliza kina mama?

Kwa hiyo unapotaka kutoa uliza haya badala yake. Mnafanya nini hasa, niambie kwa sentensi mbili. Mmejuaje kwamba kinafanya kazi, kuna mahali mmelinganisha waliopata na wasiopata? Kumhudumia mtu mmoja ni kiasi gani mkijumlisha kila kitu, na ofisi ikiwemo? Mkipata hela zaidi mtafanya nini cha zaidi? Na la mwisho ambalo mimi nalipenda kuliko yote: ni kitu gani mlijaribu kikashindikana? Asiyekuwa na jibu la hili la mwisho hajawahi kupima.

Hatua ya 5: Vijibu vile vitatu tunavyojiambia

"Hata nikitoa ni tone tu baharini." Rudi kwenye wale 4,500. Bahari haikuhusu, kinachokuhusu ni yule aliyepata.

"Wengine watatoa." Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walimweka mtu chumbani peke yake, akasikia kwenye vifaa vya masikioni sauti ya mwenzake anashikwa na kifafa (sauti ilikuwa imerekodiwa, ila yeye hakujua). Aliyeamini yuko peke yake anayesikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia pia, asilimia 31. Hawakuwa watu wabaya, ni kwamba kila mmoja alimtegemea mwenzake. Shida za dunia tunazisikia tukiwa mabilioni chumba kimoja.

"Watakula hela, au wakipewa watanywea pombe." Wezi wapo, ndo maana hatua ya 4 ipo. Lakini hilo la pombe, David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 za maskini kupewa hela taslimu mkononi, na hawakuona matumizi ya pombe na tumbaku yakiongezeka. Tunawadhania watu vibaya kwa sababu inatupunguzia deni.

Hatua ya 6: Gawa mafungu mawili

Baada ya kusoma haya yote mtu anaweza kusema basi nisimchangie tena yule ninayempenda, niwe natuma kwa orodha ya wataalamu tu. Usifanye hivyo, hutadumu. Dean Karlan na Daniel Wood walijaribu kuwaongezea wachangiaji ushahidi wa kisayansi kwenye barua ya kuomba mchango: waliozoea kutoa kikubwa walitoa zaidi, waliozoea kutoa kidogo wakapunguza. Ukimpa mtu namba tupu unaweza kumzimia moto aliokuwa nao.

Gawa. Fungu moja la moyo, lile linalokugusa, halihitaji kumjibu mtu yeyote. Fungu la pili la akili, linakwenda pale ushahidi unapoelekeza hata kama hakuna picha ya kukuliza. Caviola akiwa na Joshua Greene walichapisha 2023 kwamba watu wengi wakipewa nafasi ya kugawa mchango kati ya shirika wanalolipenda na lililothibitika kufanya kazi vizuri, wanakubali kwa furaha. Nusu kwa nusu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hatua ya 7: Iwe inajikata yenyewe

Weka makato ya kila mwezi, siku moja baada ya hela yako kuingia, usitegemee kukumbuka. Na kama mwezi huu hali ni ngumu, amua leo kwamba utaongeza baadaye. Anna Breman alilijaribu hili Sweden kwa watu wanaochangia kila mwezi, walioombwa kuongeza kuanzia miezi ya mbele waliongeza asilimia 32 zaidi ya walioombwa kuongeza papo hapo. Hela ya kesho haiumi kama ya leo, basi tumia udhaifu huohuo kwa faida.

Faida nyingine ya makato ni kwamba unapata la kusema. Mtu akikushika njiani au kwenye grupu unamjibu kwa heshima, "nina sehemu ninazochangia kila mwezi, nilishapanga za mwaka huu", na unasema kweli. Ile hatia ya kukataa inapungua sana.

Hatua ya 8: Siku moja kwa mwaka

Weka tarehe kwenye simu. Siku hiyo fungua ile orodha ya hatua ya 1, soma ripoti za unaowachangia, waandikie wale ambao huelewi wanafanya nini, halafu amua nani anabaki, nani anatoka, kiasi kinaongezeka au la. Saa mbili zinatosha.

Kutoa mtu kwenye orodha ni kugumu kuliko kumwingiza, ujiandae. Mwaka jana niliondoa shirika moja nililolichangia miaka mingi. Niliwaandikia mara tatu kuuliza wanapimaje kazi yao, mara zote wakanijibu kwa picha, watoto wanacheka, asante sana kwa moyo wako. Sina uhakika kama walikuwa wabaya, labda kazi yao ni nzuri na hawajui tu kuieleza, nilikaa na hilo siku kadhaa. Mwishowe lile fungu nikalihamishia kwenye vyandarua. Zile picha sijazifuta, bado ziko kwenye simu yangu.